Dakika Nne za Aketch

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Satelaiti hapa Langas, upande wa barabara ambao watu watatu tofauti wameuahidi lami na wote wakapata kura. Ni ubao wa lori kuukuu juu ya matofali, na anayekaa mwisho lazima amwonye mwenzake kabla hajasimama, la sivyo mwenzake atajikuta chini. Jumapili tukitoka kanisani, kila mtu na kanisa lake, tunakutana hapo kunywa kahawa ya tangawizi ya Mukhwana, ambaye huosha vikombe kwenye ndoo ambayo nimeamua kutoiangalia. Satelaiti ni Vincent, fundi wa simu. Hedi ni mwalimu mkuu mstaafu, na jina lake Chelimo limebaki kwenye kitambulisho peke yake. Kocha ni Kibet, aliyewahi kuwapikia wanariadha ugali katika kambi moja ya Kaptagat na tangu hapo hutoa ushauri wa mbio bila kuombwa. Mzee Joash Amolo alizeekea kwenye kiwanda cha nguo. Mimi wananiita Shahidi, kwa sababu niliwahi kuitwa kortini mara moja nikasema sikuona kitu. Jumapili ninayoisimulia ilikuwa ya Julai, baridi imetukunja mikono ndani ya makoti, na tulikuwa tunaamua kama dunia iwakatie mtandao nchi zinazoficha habari. Bila sisi sijui nani angeamua.

Redio ya Mukhwana ndiyo ilileta hiyo maneno. Kuna watu ng'ambo, ilisema, wanataka serikali yoyote inayowazimia wananchi wake habari izimiwe na yenyewe, isibaki hata na njia ya kutuma barua pepe.

— Wakatwe, alisema Kocha. Wakatwe wote, hata stima. Unazimia watu yako mtandao, alafu wewe mwenyewe unaangalia mpira kwa simu?

— Mimi naunga mkono, alisema Hedi. Shuleni darasa likipiga kelele na hakuna anayetaja ni nani, lote linapiga magoti. Siku ya pili unaletewa jina mpaka kwa ofisi.

— Na yule alikuwa amenyamaza? Satelaiti aliuliza kutoka ndani ya kibanda, ambako alikuwa anafungua simu ya mtu.

— Huyo pia anapiga magoti. Anajifunza kuchagua marafiki.

— Ni kama hii maneno ya madawa, alisema Kocha. Mkimbiaji moja anashikwa, wanaangalia nchi yote vibaya. Si inauma? Inauma. Na sasa watu wanaogopa.

— Wanaogopa nani, wale wa madawa ama wale wasafi? aliuliza Satelaiti.

— Wote. Kuogopa ni kuogopa.

Mzee Joash alikuwa amekaa mwisho wa benchi na kikombe chake cha bati, ambacho huja nacho kutoka nyumbani kwa sababu yeye aliwahi kuiangalia ile ndoo. Binti yake Aketch alienda kufua mashuka ya hospitali katika nchi moja ya mbali, miaka miwili sasa, na nchi hiyo ilikuwa imezima mtandao, siku ya ishirini na mbili sasa, kwa sababu watu wake walitoka kuandamana barabarani. Jina la nchi sitalitaja. Zinabadilishana tu zamu.

Huko Aketch hana laini yake. Alikuwa akitumia mtandao wa hospitali, na baba yake huku ana kabambe, simu ya vitufe na tochi, ambayo haijui wasapu ni nini. Kwa hivyo kila Jumamosi jioni Aketch alituma sauti kwenye grupu yetu, iitwayo Benchi, na kila Jumapili Satelaiti aliifungua kwa spika kubwa ya kibanda, Mzee akasikia, sisi tukasikia, hata wanaopita kwenda sokoni wakasikia. Kisha Mzee alishikiwa simu mdomoni akajibu polepole, akiacha nafasi katikati ya maneno ili binti ajibu, ingawa tulishamweleza haifanyi kazi hivyo. Mzee mwenyewe ndiye alitaka iwe kwa grupu. Simu za Satelaiti, alisema, huuzwa kabla hazijapoa mkononi, lakini grupu haiuzwi. Tukaweka na desturi: hakuna mtu kufungua sauti ya Aketch kabla ya baba yake. Tulijua bei ya sabuni huko. Tulijua msimamizi wake ni mkali na mguu wake wa kushoto huvimba akisimama sana. Benchi zima lilikuwa na binti kule.

Sasa nikwambie kitu ambacho Mzee Joash hakukijua, na sisi wengine tulikijua.

Jumamosi ile ya mwisho kabla mtandao uzimwe, Aketch alituma. Nilikuwa namenya viazi, simu ikalia, nikaona jina lake. Kwanza vidio, na picha yake ya juu ilikuwa askari wamesimama barabarani. Chini yake sauti, dakika nne na sekunde kumi. Aketch huongea dakika moja, akizidisha sana moja na nusu. Nikasema tutasikia kesho na baba yake, nikarudi kwa viazi. Niliporudi kuangalia, vyote viwili havikuwepo. Palikuwa na maandishi kwamba ujumbe umefutwa na admini, na admini wetu ni Hedi. Chini akaandika, "Ndugu wanachama, tuzingatie kanuni. Grupu hii si ya siasa." Mimi nikaweka kidole gumba. Kocha akaweka viwili. Satelaiti akaweka ile mikono ya kuomba.

Usimwone Hedi ni mtu mbaya. Ningependa awe mtu mbaya, ningelala vizuri. Hapa Langas tunajua maneno yanaweza kufanya nini kati ya jirani na jirani, na wazee wetu hawahitaji kukumbushwa. Kwenye benchi moja tuko Mkalenjin, Mjaluo na Mluhya, na uchaguzi fulani ulipita, vidio moja ya kutumwatumwa ikakaribia kututawanya. Ndipo tukaweka kanuni, hakuna siasa, na tukampa Hedi rungu. Halafu mtu akamwambia kwamba polisi wakija hutafuta admini kwanza. Hedi ana presha. Tangu siku hiyo hufuta hata habari za mvua zikiwa na neno serikali ndani.

Kesho yake mapema mtandao wa kule ulikuwa umezimwa. Mzee akaja na kikombe chake, akauliza, "Ameongea?" Hedi akaniangalia, mimi nikamwangalia Kocha, na Satelaiti akasema, "Bado, Mzee. Wamezima huko." Ambayo ilikuwa kweli, ukihesabu kuanzia asubuhi. Jumapili tatu tulikuwa tumesema hivyo, na hii ilikuwa ya nne. Ndiyo sababu tulikuwa tunabishana kwa sauti kubwa hivyo. Watu wakinyamaza, Mzee anaweza kuuliza.

— Nyinyi hamjui hii kitu inakaa aje, alisema Satelaiti, sasa amesimama mlangoni na bisibisi. Kuna waya iko chini ya bahari, nene kama mguu ya Kocha. Kila nchi iko na koki yake. Ofisi ya hizo koki iko mahali baridi kushinda hapa, na iko na msee mmoja na ufunguo.

— Moja tu?

— Wawili. Mmoja akienda lanchi.

— Basi huyo azungushe, alisema Kocha. Anangoja nini?

— Na si ati huko imezimwa, buda. Imehamishwa. Ndio maana hii wiki yetu imekuwa na spidi. Tunatumia ya kina Aketch.

— Yangu haijakuwa na spidi, alisema Mukhwana, akimimina.

— Yako haina bando.

Tukacheka. Kisha nikaona Mzee Joash ameangalia ndani ya kikombe chake, na kicheko changu kikanikera mwenyewe.

— Mtandao peke yake haitoshi, Kocha aliendelea, maana akishaanza kuteremka hana breki. Tuwakatie chai. Tuwakatie maua. Wakija kutafuta wakimbiaji wa kununua, tunawaambia hakuna, wote wameumia goti. Mwezi moja bila chai, uone kama rais hatafungua.

— Rais ana chai stoo, alisema Mukhwana.

— Basi iishe kwa stoo.

Hedi akainua kidole, kama bado kuna darasa mbele yake.

— Kuna njia ya haki. Kwanza tutoe wananchi wote huko. Wote. Tuwaweke hapa Kaptagat, kambi zina nafasi mwezi wa nane. Serikali ibaki huko peke yake na majengo yake. Ndio sasa tunakata.

— Mwalimu, hiyo ni mamilioni ya watu, alisema Satelaiti.

— Watapanga laini.

— Na choo?

— Usilete mambo madogo kwa hoja kubwa, Vincent.

Mzee Joash akaweka kikombe juu ya goti.

— Ngoja, Mwalimu. Mimi sijasoma kama wewe, nisaidie. Wao wamefunga huko ndani. Nyinyi mnafunga huku nje. Sasa Aketch anabaki wapi?

Nilisikia makaa ya Mukhwana yakipasuka.

— Mzee, hiyo ni ya muda tu, alisema Hedi. Ni adhabu ya kurekebisha.

— Amekosea nini?

— Si yeye amekosea.

— Lakini si ni yeye anapiga magoti?

Hedi akanywa kahawa ambayo haikuwepo. Kikombe kilikuwa kimeisha kitambo, nilikiona. Mukhwana akainua birika amwongezee, akalitikisa, akalirudisha jikoni. Lilikuwa tupu.

Hapo ndipo alitokea msichana mmoja mwenye koti la manjano, akasimama kwa adabu pembeni mpaka Satelaiti alipomwona. Tulimjua kwa sura tu. Anaitwa Jepkosgei, alikuwa amehamia ploti ya nyuma kutoka Kapsoya wiki hiyo, na simu iliyokuwa imefunguliwa mezani ndani ya kibanda ilikuwa yake.

— Wazee hamjambo. Mwalimu. Nimekuja kuangalia kama kioo imeshika.

— Bado dakika tano, alisema Satelaiti, akirudi ndani. Nikiachilia saa hii itatoka yote. Ingia ukae.

— Satelaiti, alisema Mzee Joash. Nifungulie ile ya mguu.

Ile ya mguu ilikuwa sauti ya mwisho tuliyosikia pamoja, ambamo Aketch alieleza jinsi alivyoweka mguu kwenye beseni la maji ya chumvi na paka wa hospitali akaja kuyanywa. Mzee alikuwa ameisikia kila Jumapili tangu mtandao uzimwe. Alicheka palepale kila mara, pa paka.

— Mikono yangu imejaa gundi, Mzee, alisema Satelaiti. Madam, nisaidie. Chukua hiyo simu yangu hapo, ingia kwa grupu imeandikwa Benchi. Panda juu, utaona jina Aketch. Iko na dakika moja.

Nilitaka kusema kitu. Naapa nilitaka. Nilikuwa karibu na mlango, ningenyoosha mkono tu nichukue ile simu niseme nitatafuta mimi. Lakini miaka yangu yote nimekuwa mtu wa kungoja mwingine aanze. Kocha alikuwa ananiangalia, mimi nikamwangalia Hedi, na msichana akapanda juu kwa kidole.

— Hii ya dakika moja nimepata, alisema Jepkosgei. Na hii ingine hapa chini? Iko na jina yake lakini imefutwa. Imeandikwa imefutwa na admini Hedi.

Akainua uso, hana ubaya wowote, akauliza tu kama mtu anavyouliza:

— Alikuwa amesema nini?

Satelaiti alikuwa amebonyeza kioo cha msichana kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kocha aligundua kamba ya kiatu chake.

— Gani imefutwa? aliuliza Mzee Joash.

— Hii, Mzee. Ya Jumamosi moja hivi, jioni.

Akasogea akamwonyesha. Mzee hakusoma, macho yake hayafiki kwenye herufi ndogo. Lakini alijua kuhesabu Jumamosi kuliko sisi sote.

— Hiyo ni ile kabla wazime, alisema.

— Mzee Joash, wacha nieleze, alisema Hedi. Kulikuwa na vidio ya askari. Imewekwa mbele kabisa, kila mtu anaweza kuona. Na wewe unajua hapa petu ni wapi. Unajua kanuni tuliweka sote, hata wewe ulikubali.

— Nimeuliza alisema nini.

— Sikusikiza yote. Nilifungua kidogo tu, nijue ni mambo gani.

— Hiyo kidogo.

Hedi alitoa kofia. Sikuwahi kumwona akiitoa nje ya kanisa.

— Alisema, "Baba, leo nisikize mpaka mwisho."

— Alafu?

— Alafu akasema neno askari. Nikafuta.

Msichana aliiweka simu mezani taratibu, akarudi nyuma hatua mbili. Nadhani alitamani kuwa bado anaishi Kapsoya.

— Nilikuwa najaribu kutulinda, alisema Hedi. Kisha, kwa sauti ya chini: Nilikuwa najilinda.

Mzee Joash aligeuza shingo akaniangalia mimi.

— Shahidi. Wewe uliona?

Kortini niliulizwa swali hilo na watu wenye kanzu nyeusi, nikasema hapana, nikaenda zangu nyumbani, na mtu akafungwa au hakufungwa, sikufuatilia.

— Niliona, Mzee. Ilikuwa dakika nne na sekunde kumi.

— Na hukufungua?

— Si tulisema wewe usikie kwanza.

Akaitikia kwa kichwa. Lilikuwa jibu la kweli, na nililionea haya kuliko uongo wote ambao nimewahi kusema, kwa sababu heshima yetu kwake ndiyo iliyofanya pasiwe na mtu hata mmoja duniani aliyeisikia mpaka mwisho.

— Dakika nne, alisema Mzee. Yeye huongea moja.

Satelaiti aliacha kioo cha msichana kikabanduka upande, akapangusa mikono kwa suruali, akachukua simu yake. Nimemwona akifufua simu zilizoanguka chooni. Nimemwona akirudisha picha za harusi kutoka simu iliyokanyagwa na trekta. Alibonyeza, akazima, akawasha, akauliza kama kuna yeyote ambaye simu yake ilikuwa imeishusha ile sauti. Tukatoa simu zetu, mimi na Kocha na Hedi mwenyewe, tukaangalia. Zote zilikuwa na mstari uleule, na chini yake vidole gumba vyetu.

— Manze, Mzee, alisema Satelaiti. Haiko. Hakuna mahali iko.

— Mnaweza kuuliza wale wenye ufunguo, alisema Kocha, halafu akarudi kwa kamba ya kiatu chake, maana hata yeye alisikia alichosema.

Kanisa la upande ule lilikuwa bado linaimba ibada ya pili. Nilidhani Mzee Joash atasimama aende, na nilijiandaa kushika ubao nisianguke. Badala yake akanyoosha mkono kwa Satelaiti, kiganja juu, jinsi alivyokuwa akifanya kila Jumapili wakati wa kujibu.

— Nipe niongee.

— Mzee, huko bado imezimwa. Haitaenda.

— Nipe.

Satelaiti akamshikia simu mdomoni, akabonyeza kile kitufe cha sauti. Mzee akasafisha koo. Aliongea polepole, akiacha zile nafasi zake, na katika kila nafasi tuliinamisha vichwa.

— Aketch, nyathina, mtoto wangu. Ni baba.

Nafasi.

— Ile ya Jumamosi ilifika huku. Ni mimi sijaisikia. Si makosa yako.

Nafasi.

— Mguu umepona?

Nafasi hii ilikuwa ndefu kuliko zote. Hedi alikuwa ameifinya kofia yake mpaka imekuwa kama kitambaa cha kufutia ubao.

— Tuma tena. Sema yote, hata kama ni refu. Hapa tutakusikiza mpaka mwisho.

Akarudi nyuma kidogo, ishara kwamba amemaliza. Satelaiti akaachilia kitufe.

Simu ya Hedi ikalia mkononi mwake: sauti ya Mzee ilikuwa imeingia kwa grupu. Kisha ya Kocha. Kisha yangu. Mzee Joash akageuka kuzifuata hizo sauti, moja baada ya nyingine, na uso wake ukafunguka.

— Imefika? akauliza.